Kumbukumbu ya programu inakaa kwa nani? Safari ya zaidi ya miaka 50

Simu ya Android iliyo mkononi mwa wakaaji wengi wa Goma, Bukavu, Bunia ama Uvira inaendeshwa na kiini kinachoitwa Linux. Ndani ya simu hiyo hiyo, namba za jamaa na ujumbe unaoingia hupangwa na programu nyingine ndogo inayoitwa SQLite. Vyote viwili viliandikwa na watu, mstari kwa mstari, na hadi siku ya leo vinaendelea kurekebishwa. Kila mstari unaobadilishwa unaandikwa mahali: nani ameugusa, tarehe gani, kwa sababu gani, na ulikuwaje mbele ya kubadilishwa.

Mahali hapo pa kuandika pana historia yake, na historia hiyo ina ugomvi, milango iliyofungwa na watu walioamua kuhama. Kiini cha Linux kinatunzwa kwa chombo kinachoitwa Git, ambacho ndicho kinachotumiwa na waandishi wa programu wengi zaidi duniani. SQLite inatunzwa kwa chombo kingine kabisa, Fossil, na wenye kuitengeneza wameeleza hadharani kwa nini hawatumii Git kama wengine.

Kwa familia iliyowahi kukimbia usiku na kuacha hati zote nyumbani, swali lililo nyuma ya vyombo hivi si geni. Ikiwa daftari linakaa kwa mtu mmoja tu, na mtu huyo akafunga mlango, akahama ama akafa, wengine wanabaki na nini?

Daftari la kikundi

Mfano wa karibu ni vikundi vya akiba ambavyo katika Kivu vinajulikana kwa jina la AVEC. Wanachama wanatoa pesa kila juma, wanakopeshana, na mwandishi wa kikundi anaandika kila kitu katika daftari. Kosa likitokea, wanarudi nyuma kurasa mbili tatu na kuona lilipoanzia. Watu wawili wakibishana kuhusu deni, daftari ndilo linaloamua.

Waandishi wa programu wana haja ile ile. Programu kubwa inaweza kuwa na mamilioni ya mistari, na watu mamia wanaigusa kwa wakati mmoja. Mmoja anarekebisha kitu asubuhi, jioni programu inakataa kufanya kazi. Bila kumbukumbu hakuna anayejua ni badiliko gani lililoleta shida, wala namna ya kurudi kwenye hali ya jana. Ndiyo sababu tangia zamani kumekuwa na programu za kutunza matoleo, yaani programu ambazo kazi yake ni kukumbuka historia ya programu nyingine.

Tofauti kati ya chombo kimoja na kingine iko katika maswali mawili: daftari linakaa wapi, na nani anaruhusiwa kuliandika.

Mtu mmoja, kalamu moja

Mwaka 1972, katika maabara ya Bell Labs nchini Marekani, Marc Rochkind alitengeneza SCCS, moja kati ya vyombo vya kwanza vya aina hii. Wakati huo nafasi ya kuhifadhi maandishi katika kompyuta ilikuwa ndogo na ya bei kali. Kwa hiyo SCCS haikuhifadhi faili zima kila mara. Ilihifadhi tofauti tu: mstari huu umetolewa, huu umeongezwa.

Miaka kumi baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Walter Tichy wa chuo kikuu cha Purdue alitoa RCS. Yeye aligeuza utaratibu: toleo jipya linahifadhiwa lote, na ya zamani yanapatikana kwa kurudi nyuma hatua kwa hatua. Watu wengi wanahitaji la leo kuliko la mwaka jana, na kwa njia hiyo la leo linafunguka haraka.

Vyombo hivyo viwili vilikuwa na sheria moja ya kawaida. Mtu anayetaka kuandika katika faili analifunga kwanza. Wengine wanaweza kusoma, lakini kuandika wangoje. Sheria hiyo ilizuia fujo, lakini ilileta taabu nyingine: aliyefunga faili akienda nyumbani bila kulifungua, kazi ya wote inasimama.

Taabu hiyo ndiyo iliyomsukuma Dick Grune, mwalimu wa chuo kikuu cha Vrije Universiteit huko Amsterdam, Uholanzi. Katikati ya miaka ya 1980 alikuwa akitengeneza programu pamoja na wanafunzi wawili. Watatu hao walikuwa na saa tofauti za kazi, na kungojana kuliwachosha. Grune akaandika CVS, akaitoa kwa watu wote mwaka 1986. Katika CVS kila mtu anachukua nakala yake, anaandika anavyotaka, kisha kazi zinaunganishwa. Wawili wakigusa mstari mmoja, chombo kinawaonya ili waelewane wenyewe. Mwaka 1989 Brian Berliner aliiandika upya ikawa na nguvu zaidi, na kwa zaidi ya miaka kumi CVS ndiyo iliyobeba programu nyingi za wazi duniani.

Lakini daftari lenyewe bado lilikuwa moja, na lilikaa katika mashine moja kuu, yaani seva. Mwandishi alikuwa na kurasa za leo tu mkononi. Historia yote ilibaki kwa seva. Mtandao ukikatika, hakuweza kuandika badiliko jipya katika kumbukumbu wala kuuliza nani alifanya nini mwaka jana. Seva ikiungua bila nakala nyingine, historia imekwisha.

Mwaka 2000 shirika la CollabNet la Marekani lilianza kutengeneza Subversion ili kuponya makosa ya CVS. Toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2004. Jambo moja lilikuwa kubwa: katika Subversion mabadiliko yanaingia yote kwa pamoja ama hayaingii kabisa. Katika CVS, mtandao ukikatika katikati ya kutuma, nusu ya kazi iliweza kuingia na nusu ikabaki nje. Hata hivyo Subversion iliacha seva moja katikati, kama zamani.

Leseni yenye sharti

Hapo ndipo Linux inapoingia. Linus Torvalds, mzaliwa wa Finland, alianza kiini hicho mwaka 1991 akiwa mwanafunzi. Kwa miaka kumi na zaidi hakutumia chombo chochote cha kutunza matoleo. Watu walimtumia viraka kwa barua pepe, yeye anasoma, anakubali ama anakataa. Kazi ilipokua, barua zilimzidi, na viraka vingine vilipotea njiani. CVS hakuitaka hata kidogo.

Mwaka 2002 alikubali BitKeeper, chombo cha kampuni ya Larry McVoy. BitKeeper ilikuwa na wazo ambalo CVS haikuwa nalo: kila mwandishi anabeba nakala ya daftari zima, pamoja na historia yote. Anaweza kufanya kazi bila mtandao, kisha anabadilishana kurasa na wenzake wakikutana. Kazi ya Linux ikaenda mbio kuliko zamani.

Kwa bahati mbaya BitKeeper ilikuwa mali ya kampuni, na maandishi yake ya ndani yalifichwa. Watu wa Linux walipewa waitumie bure, lakini leseni ilikuwa na sharti: anayeitumia bure asishiriki kutengeneza chombo kinachoshindana nayo. Watu kadhaa walipinga tangia mwanzo. Walisema programu iliyo huru haifai kuweka kumbukumbu yake katika sanduku ambalo ufunguo wake uko kwa mtu mwingine. Torvalds aliwajibu kwamba anachagua chombo kinachofanya kazi vizuri zaidi, basi.

Mwaka 2005 mambo yalivunjika. Andrew Tridgell, mtaalamu wa Australia anayejulikana kwa programu ya Samba, alitengeneza njia ya kusoma kumbukumbu zilizowekwa katika seva ya BitKeeper bila kutumia BitKeeper yenyewe. Kampuni ilisema amevunja makubaliano. Tridgell alisema hakuwahi kutumia BitKeeper, kwa hiyo leseni haikumfunga. Baadaye, mbele ya mkutano nchini Australia, alionyesha jinsi alivyoanza: aliungana na seva, akaandika neno moja la kuomba msaada, na seva yenyewe ikamjibu kwa kuorodhesha amri zake.

Kampuni ikaondoa ruhusa ya kutumia bure. Moja kati ya kazi kubwa zaidi za pamoja duniani ikajikuta bila daftari.

Juma moja la Aprili

Torvalds alisimamisha kazi yake ya kawaida na kuanza kuandika chombo chake mwenyewe tarehe 3 Aprili 2005. Tarehe 7 Aprili chombo hicho, Git, kilikuwa tayari kinatunza historia yake chenyewe. Jina lake, katika Kiingereza cha mtaani cha Uingereza, ni tusi dogo la mtu msumbufu, na Torvalds alitania kwamba ana desturi ya kuita kazi zake kwa jina lake mwenyewe. Mwisho wa mwezi huo Git iliweza kuingiza viraka 6.7 kwa sekunde moja. Mwezi wa 6 toleo la Linux 2.6.12 lilitoka likiwa limetunzwa kwa Git, na mwezi wa 7 Torvalds alimkabidhi kazi Junio Hamano, ambaye ameiongoza tangia hapo.

Nguvu ya Git iko katika mambo mawili. La kwanza ni lile la BitKeeper: kila nakala ni daftari zima. Nakala elfu moja maana yake ni historia elfu moja. Seva ikifa, mtu yeyote mwenye nakala kamili anaweza kuianzisha tena mahali pengine.

La pili ni muhuri. Kila ukurasa unaoandikwa unapewa alama ya herufi na tarakimu 40, inayopatikana kwa hesabu kutoka katika yaliyomo ndani yake. Ndani ya ukurasa huo kuna alama ya ukurasa uliotangulia. Mtu akienda kimya kimya kubadilisha neno moja katika ukurasa wa miaka mitano nyuma, alama yake inageuka, na za kurasa zote zinazofuata zinageuka pia. Wenye nakala nyingine wataona mara moja kwamba daftari limeguswa. Wazo hilo halikuzaliwa na Git. Chombo kingine kinachoitwa Monotone, kilichotoka mwaka 2003, kilikuwa nalo, na Torvalds alikitazama mbele ya kuandika chake. Alikiona kizito mno.

Wengine waliochukua njia zao

Ugomvi ule ule wa Aprili 2005 ulizaa Mercurial pia. Olivia Mackall aliitangaza siku chache tu baada ya Git, kwa lengo lile lile la kusaidia Linux. Linux ilibaki na Git, lakini Mercurial ilipata wapenzi kwa sababu amri zake zilikuwa rahisi kueleweka. Watu wa Firefox waliichagua. Watu wa lugha ya Python waliichagua. Kampuni ya Facebook iliijenga upya kwa mahitaji yake.

Mwaka huo huo kampuni ya Canonical, yenye Ubuntu, ilileta Bazaar. Chombo hiki kina uhusiano na Kongo ambao wengi hawaujui. Programu ya DHIS2, inayoongozwa kutoka chuo kikuu cha Oslo nchini Norwe, ndiyo ambayo Wizara ya Afya ya Kongo inatumia kukusanya hesabu za wagonjwa kutoka maeneo ya afya. Kwa miaka mingi maandishi ya DHIS2 yalitunzwa kwa Bazaar. Canonical ilipoacha kuweka nguvu katika Bazaar, watu walianza kuondoka, na DHIS2 nayo ikahamia Git. Mganga anayejaza fomu ya mwezi hakuona chochote. Historia ilihamishwa bila kituo hata kimoja cha afya kufungwa.

David Roundy, mtaalamu wa fizikia wa Marekani, alifikiri tofauti. Katika Darcs, aliyoitoa mwaka 2003, historia ni mkusanyiko wa viraka vinavyoweza kupangwa upya, ikiwa kimoja hakitegemei kingine. Wazo lilipendwa, ila katika migongano fulani hesabu iliweza kuchukua muda mrefu sana. Pijul, iliyokuja baadaye, inajaribu kutimiza wazo hilo bila mzigo huo.

Kisha Fossil. Mwenye kuitengeneza ni D. Richard Hipp, yule yule wa SQLite. Kundi lake ni dogo na watu wanaaminiana. Yeye alitaka daftari, orodha ya makosa, maelezo na ukurasa wa intaneti viwe ndani ya programu moja, na historia yote ikae katika faili moja inayoweza kubebwa. SQLite ilihamia Fossil mwaka 2009 na iko huko hadi leo. OpenBSD nayo imebaki na CVS ya zamani, kwa sababu inawatosha. Programu hizi mbili zinaheshimika duniani, na hazikuhitaji kufuata umati ili zifanye kazi nzuri.

Soko moja, mlango mmoja

Git ilipokuwa na nguvu, watu walihitaji mahali pa kukutana na kubadilishana kazi. Mwaka 2008 ilifunguliwa GitHub. Ilikuwa rahisi, nzuri kwa macho, na bure kwa kazi za wazi. Miaka michache baadaye karibu kila mtu alikuwa hapo. Mwaka 2018 Microsoft ilitangaza kuinunua kwa thamani ya dola bilioni 7.5.

Hapo historia ikafanya kitu cha kushangaza. Chombo kilichobuniwa ili pasiwe na seva moja katikati kilirudisha watu wote kwenye seva moja.

Hatari yake ilionekana mapema. Mwezi wa 7 mwaka 2019 GitHub, ikifuata vikwazo vya Marekani, ilizuia sehemu ya huduma zake kwa waandishi wa Iran, Syria na Crimea. Vijana ambao hawakuwa na kosa lolote isipokuwa mahali wanapokaa walikuta milango ya kazi zao binafsi imefungwa. Iran ilifunguliwa tena mwezi wa 1 mwaka 2021, baada ya GitHub kupata ruhusa ya serikali ya Marekani.

Masoko mengine yalifungwa kabisa. Google Code ilisimama mwaka 2016. Bitbucket, iliyoanza kama nyumba ya Mercurial, iliamua kubaki na Git peke yake, na mwaka 2020 iliondoa daftari zote za Mercurial. Wenye kazi walipewa muda wa kuhamisha, lakini wengine walikuwa wameacha kazi hizo zamani, na wengine hawakuwepo tena. Software Heritage, mradi ulioanzishwa na taasisi ya Inria ya Ufaransa na unaoungwa mkono na UNESCO, uliingia kuokoa nakala za daftari hizo mbele ya mlango kufungwa, ukaziweka katika hifadhi yake.

Siku hizi wapo wanaotafuta njia nyingine tena. Huko Berlin kuna Codeberg, nyumba ya Git inayoendeshwa na wanachama wake badala ya kampuni. Na kuna Jujutsu, iliyoanzishwa na Martin von Zweigbergk, mfanyakazi wa Google. Jujutsu inakubali kuhifadhi kazi katika daftari la Git, lakini inampa mwandishi amri nyepesi zaidi na njia rahisi ya kufuta kosa. Mtu anaweza kuijaribu peke yake bila kuwalazimisha wenzake wahame. Pengine ndiyo sababu inapendwa: aliyewahi kuhamisha nyumba anajua gharama yake.

Kinachobaki mkononi

Ukitazama miaka hii yote, waliopoteza kazi zao hawakuwa lazima waliochagua chombo kibovu. BitKeeper ilikuwa nzuri. Bitbucket ilikuwa nzuri. Waliopoteza ni wale ambao historia yao ilikaa mahali pamoja, chini ya ufunguo wa mtu mwingine, na hawakuwa na nakala nyingine. Waliookoka ni wale waliokuwa na daftari zima mkononi siku mlango ulipofungwa.

Kwa vijana wa Kongo wanaojifunza kuandika programu, hata katika mitaa ambako umeme unakuja na kuondoka, hii ni habari njema. Git, Mercurial na Fossil zote ni za bure, zote zinafanya kazi bila mtandao, na zote zinaruhusu kubeba historia yote katika ufunguo wa USB. Vijana wawili wanaweza kubadilishana kazi ya mwezi mzima kwa waya, bila kulipia intaneti hata franka moja, na hakuna ukurasa utakaopotea.

Na kwa wasioandika programu, swali linabaki lile lile kwa kila anayetunza kitu cha wengi: orodha ya wakaaji wa kambi, matokeo ya wanafunzi, deni za kikundi cha akiba, majina ya waliozaliwa njiani. Nakala ziko ngapi, ziko kwa nani, na je, mtu akilazimika kuondoka usiku huu, mwingine anaweza kuendelea kuandika kesho asubuhi kutoka ukurasa ule ule? Kundi linaloweza kujibu maswali hayo matatu limeshafanya sehemu kubwa ya kazi, hata kama chombo chake ni kalamu na daftari mbili zilizowekwa katika nyumba mbili tofauti.